Difenda ya Toyota

Aprili, nikiwa kidato cha tano, basi dogo tulilopanda Tarime kwenda Mugumu lilizama kwenye tope kabla hatujafika Mto Mara. Tope jeusi la kule halitelezi tu, linashika. Linalamba tairi hadi kashata zote zinajaa na tairi linageuka gurudumu la udongo. Wanaume tukashuka kusukuma, konda akakata matawi, wamama wakakaa pembeni wakitupa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Baada ya saa nzima tukasikia injini nzito inakuja kutoka nyuma. Mtu akasema, bila hata kupaza sauti: "Difenda."

Vijana wanne tuliokuwa tunasukuma nao waliachia basi palepale na kuingia kwenye mahindi.

Gari likatokea kwenye kona. Lilikuwa pikapu ya Toyota Land Cruiser, benchi mbili nyuma, askari sita wamekaa wakitazamana migongo. Mbele, pale kwenye grili, neno TOYOTA limeandikwa kwa herufi kubwa ambazo hata asiye na miwani angezisoma. Hakuna aliyemsahihisha yule aliyesema difenda. Mimi mwenyewe sikuona kosa. Miaka mitano baadaye, nikiwa nasoma shahada ya uzamili ya historia, ndipo nilipojiuliza ilikuwaje gari la Wajapani likarithi jina la gari la Waingereza, na kwa nini waliokimbia hawakuhitaji kuliona ili walitambue.

Msimamizi wangu alisema gari si mada. Nikaenda kumuuliza baba mdogo.

Baba mdogo ni fundi dizeli Mugumu. Amefungua injini za Landrova na Landkruza kwa miaka zaidi ya thelathini, na ukimsalimia shikamoo anaitikia huku macho yake yako chini ya boneti. Gereji yake ina ubishi mmoja usioisha, ipi ina nguvu kati ya hizo mbili. Wateja wanabishana kama watu wa Simba na Yanga. Yeye huwa anawauliza swali moja tu: "Nguvu ya kwenda wapi?"

Tuanze na Landrova, maana ndiyo iliyofika kwanza. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Kuanzia 1956 hadi 1972 mhifadhi Myles Turner aliongoza doria dhidi ya majangili, na Landrova ilikuwa sehemu ya kazi hiyo kama bunduki na redio. Waliokuwa wakitafutwa wengi walikuwa watu wa vijiji vya magharibi ya hifadhi, Waikoma na jirani zao, waliowinda pale kabla mpaka haujachorwa. Kwa hiyo sehemu hii ya Mara ilijifunza sauti ya gari la serikali mapema, na ilijifunza kama mtu anayefukuzwa.

Sasa, ukisoma namba za gari lenyewe unaweza kucheka. Landrova 109 ya dizeli, toleo la tatu lililoanza 1971, ilikuwa na injini ya lita 2.25 yenye nguvu farasi 62. Pikipiki kubwa za leo zinaipita. Nguvu yake ya kusokota ekseli, ile ambayo wahandisi wanaipima kwa nyutoni-mita, ilikuwa kama 140. Iliwezaje kuvuta? Kwa gia. Ukiingiza gia ndogo, mwendo unashuka zaidi ya nusu na nguvu inayofika kwenye magurudumu inaongezeka mara mbili na zaidi. Gari linatembea polepole kama ng'ombe wa plau, na kama ng'ombe wa plau linafika. Wakurya wanaolima kwa maksai hawahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Mwaka 1983 Landrova ilitoa One Ten, yenye springi za koili badala ya zile za mabamba, na mwaka 1990 ikaipa jina Defender, ambalo kwa Kiingereza ni mlinzi, mtetezi. Nadhani waliochagua jina hilo Uingereza hawakuwahi kumwona mtu akilikimbia. Lilifika Tarime wakati mgumu. Vita ya Kagera ya 1978–79 ilikuwa imepigwa na Wakurya wengi, kwa kuwa jeshini wamekuwa wengi tangu zamani, na baadhi ya bunduki zilirudi nyumbani na wenyewe. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyefanya utafiti Tarime miaka ya 1990, alionyesha kuwa wizi wa mifugo ulikuwa umegeuka biashara. Ng'ombe hawakuibwa tena kwa ajili ya mahari na heshima peke yake, waliibwa kwa ajili ya soko, na soko lilikuwa ng'ambo ya mpaka, Kenya.

Hapo ndipo ubishi wa nguvu unapopata maana yake. Ng'ombe wakiibwa usiku, kijiji kinapiga yowe na watu wanafuata nyayo. Nyayo hazifuati barabara. Zinashuka genge, zinapita kwenye maji kwa makusudi, zinapanda upande wa pili. Gari lenye farasi mia linazunguka kilomita nyingi kwenda kusubiri mahali ambapo labda ng'ombe watatokea. Baba mdogo anasema alishaona msako ambao gari lilifika kwanza na bado likachelewa, kwa sababu nyayo zilikuwa zimegeuka. Kinachobaki kwa waliokuja na gari ni kuuliza maswali katika kijiji kilicho karibu na barabara, na anayeulizwa ni kijana aliye karibu. Kijana mwenye akili anajifunza asiwe karibu.

Toyota iliingia kwa mlango mwingine. Pikapu za mfululizo wa 70 zilianza 1984, na mwaka 1990 zikapewa injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, haina tabo, farasi kama 130, nyutoni-mita 285. Defender ya 300Tdi ya mwaka 1994 ilikuwa na lita 2.5 tu, silinda nne, na bado ikatoa farasi 111 na nyutoni-mita 265. Wapenzi wa Landrova hupiga meza hapa, na wana haki: kwa kila lita ya injini Mwingereza alifanya kazi zaidi. Kwenye karatasi zote mbili zimeruhusiwa kuvuta tela la kilo 3,500. Ni sare.

"Sare ya siku ya kwanza," anasema baba mdogo. Injini ndogo inayosaidiwa na tabo inafika kiwango hicho ikiwa imekaza misuli. 1HZ inafika ikiwa inapumua. Haina kompyuta, na pampu yake ya nozeli anaifungua mezani, anaisafisha, anairudisha. Defender ya Td5 ya mwaka 1998 ilikuja na kompyuta ya injini, na fundi wa Mugumu aliyezoea kusikiliza kwa sikio akaambiwa atafute mashine ya kusoma makosa. Halafu kulikuwa na fedha. Miradi ya wafadhili, yenye namba za DFP, ilinunua Landkruza, mashirika ya misaada yakanunua Landkruza, na penye magari mengi ndipo panapokuwa na vipuri. Serikali ikafuata njia hiyohiyo.

Nilimwonyesha kwenye simu Ford F-450 ya Marekani ya mwaka 2023, farasi 500, nyutoni-mita zaidi ya 1,600, inayovuta zaidi ya tani 18. Aliitazama kwa heshima, kama mtu anayetazama meli. Akauliza inakunywa nini. Nikamweleza habari ya dizeli safi isiyo na salfa, na ile dawa ya kusafisha moshi inayowekwa kwenye tenki lake. "Mpelekee dizeli ya dumu," akasema, akarudi kazini.

Defender ya zamani ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull Januari 2016. Siku hizi watu wanaiita Landkruza yenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo "mkonga". Lakini jina hilo ni la watalii, wachimbaji na wenye fedha. Ikipakwa rangi ya polisi, mkonga unakuwa difenda. Na kuna ya tatu, nyeupe, yenye msalaba mwekundu, iliyompeleka dada yangu Mugumu kujifungua usiku wa mvua. Injini ni 1HZ ileile. Mama alikuwa amesimama mlangoni na taa, akiisikiliza inapanda mlima, akiomba isizime.

Sikio linatofautishaje? Nimeuliza vijana wa Nyamongo, karibu na mgodi wa North Mara unaochimbwa tangu 2002, mahali ambapo tarehe 16 Mei 2011 watu watano walikufa kwa risasi za polisi baada ya umati kuingia mgodini. Mmoja aliniambia hatofautishi. "Unakimbia kwanza. Kama ni ambulensi, unarudi."

Pale kwenye tope, dereva wa difenda yetu alishuka, akachungulia chini ya basi, akafunga waya kwenye ndoano ya mbele bila kuuliza nani ni nani. Aliingiza gia ndogo. Injini haikupiga kelele, ilishuka tu sauti, ikawa nzito, na basi likatoka na mfyonzo kama mguu unavyotoka kwenye buti. Wamama wakapiga makofi. Askari mmoja mdogo, wa umri wangu, alikuwa na tope hadi magotini na alionekana kufurahi kuliko sisi.

Walipoondoka konda alipiga honi mara tatu kuelekea kwenye mahindi. Wakatoka wawili. Tukasubiri, akapiga tena. Mabegi ya wale wengine tuliyaacha kwenye duka la kwanza tulilolifikia, mwenye duka akaandika kwenye daftari lake: mabegi mawili, jeusi na la bluu, wenyewe watakuja.