Nyumba za Mara na hoja ya Mwalimu kuhusu saruji na mabati

Kila inapofika Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, mwaka 1999, Butiama mkoani Mara hupokea wageni wanaokwenda Mwitongo kuzuru kaburi lake na makumbusho yaliyo jirani, na wengi wao huondoka wakizungumzia uhuru na ujamaa bila kukumbuka kwamba mwenye kaburi hilo alikuwa pia na hoja nzito kuhusu nyumba. Hoja hiyo inastahili kufufuliwa sasa, wakati nyumba za kitropiki zenye asili ya Bali, kisiwa cha Indonesia, zinasifiwa duniani kana kwamba hekima ya kujenga kwa kufuata hali ya hewa haikupata kuwapo kwingine.

Mwalimu alizaliwa mwaka 1922 katika boma la baba yake, Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, aliyekuwa na wake 22, na kila mke alikuwa na nyumba yake. Nyumba ya asili katika sehemu hizo ilikuwa msonge, yaani nyumba ya mviringo yenye paa lililochongoka juu, iliyojengwa kwa miti na fito, ikakandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Paa hilo nene lilizuia joto la jua la mchana, mwinamo wake mkali uliharakisha maji ya mvua kushuka, na upenu, sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, ulikinga udongo usilowe.

Boma la Bali limejengwa kwa fikra iliyo jirani na hiyo, kwani ndani ya ukuta mmoja hupangwa majengo madogo yanayozunguka ua, moja la kulala, jingine la kupikia, jingine la shughuli za ukoo, na mengi huwa wazi pande kadhaa ili upepo upite. Kuanzia miaka ya 1970 wasanifu majengo kama Geoffrey Bawa wa Sri Lanka na Peter Muller wa Australia walijifunza kwa mafundi wa kisiwa hicho, wakatumia mpangilio huo katika makazi na hoteli za kisasa, na kilichokuwa makazi ya wanakijiji kikawa mtindo wa kifahari.

Katika Mara historia ilifuata njia nyingine. Ukoloni ulileta nyumba za pembe nne na mabati, na mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka maboma yaliyotawanyika na kuwapanga katika vijiji vya ujamaa, hatua iliyovunja mpangilio wa zamani wa ua na zizi.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, Mwalimu aliwalaumu wananchi wake kwa ukali. Alieleza kwamba watu walikuwa wakikataa kujenga nyumba za matofali ya kuchoma na vigae, vitu vinavyotengenezwa kwa udongo wa nchini, huku wakisubiri mabati na saruji, ambayo waliiita udongo Ulaya, na akauona ung'ang'anizi huo kuwa kupooza kwa fikra. Hoja yake ilikuwa ya uchumi na ya utu kwa pamoja, kwa kuwa taifa linalosubiri vifaa vya gharama kubwa ndipo lijenge huwaacha watu wake katika nyumba duni ilhali udongo mzuri uko chini ya miguu yao. Wananchi nao walikuwa na sababu zao, maana paa la nyasi huliwa na mchwa, hushika moto na hudai kuezekwa upya, wakati bati hudumu na kuwezesha kuvuna maji ya mvua. Hata hivyo, Mwalimu hakuwataka warudi kwenye nyasi, bali alipendekeza kigae, ambacho hakiungui wala hakipitishi joto kwa kasi ya bati, na jambo hilo halikupewa uzito uliostahili.

Hoja hiyo haikuzimika kabisa, kwani kuanzia mwaka 2001 Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Ujenzi ulihimiza vifaa vya gharama nafuu, yakiwamo matofali ya kufungamana, ambayo hushikana kwa maumbo yao na kupunguza matumizi ya saruji.

Ni aibu kuusifu mtindo wa Bali huku ujuzi wa mafundi wa msonge ukiachwa upotee. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zina wajibu wa kuwa na ramani za nyumba nafuu zenye upenu mpana, madirisha yanayoelekeana ili hewa ipite, na kuta ndefu zinazotazama kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisizichome. Shule na zahanati zinazojengwa kwa fedha za umma zingekuwa mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu mwananchi huiga kile anachokiona kikidumu na kumfaa.