Amandina Lihamba: Mwigizaji wa Jukwaa na Filamu

Wapo wanaomhesabu Amandina Lihamba kuwa profesa kwanza na mwigizaji baadaye, kwa hoja kwamba filamu zake zinazojulikana ni chache: Arusi ya Mariamu (1985) na Maangamizi (2001). Hesabu hiyo haimtendei haki. Sanaa yake ilikulia jukwaani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika kundi la Paukwa, ambalo jina lake ni mwito wa kufungulia hadithi, ule ambao mtoto huujibu “Pakawa!” bila kufikiri. Mwitiko huo ndio shule yake: mwigizaji hasemi peke yake, hadhira inamjibu. Kwa jukwaa hilo alichukua pia kisa cha mwandishi Sembène Ousmane wa Senegal akakifanya tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha (1980).

Atakayesema kwamba darasa humkausha msanii, amtazame katika Maangamizi akiwa Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili aliyenyamaza kwa miaka mingi. Hana maneno ya kujificha nyuma yake. Mtazamaji anasoma macho, shingo na mikono iliyotulia. Kunyamaza namna hiyo bila kumchosha mtu ni kazi ngumu, na kwa maoni yetu ni elimu ya jukwaa iliyomwezesha. Filamu hiyo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za kigeni. Itafuteni, muitazame pamoja na vijana wenu.