Kibali cha Bunduki na Wajibu wa Hifadhi: Kasongo na Kabambare

Kumiliki bunduki si haki ya kikatiba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katiba ya 2006 haiitaji, na kifungu chake cha 190 kinahesabu kuunda jeshi la kibinafsi kuwa uhaini. Silaha za raia ziko chini ya Amri-Sheria Na. 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, ambayo msingi wake ni kibali. Mwenye kibali ameaminiwa yeye, si ndugu yake wala jirani yake. Bunduki inayoweza kuchukuliwa na yeyote imekwisha kuvunja masharti hayo kabla haijalia.

Kanuni hii ya hifadhi ni kongwe mkoani Maniema, zilipo Kasongo na Kabambare, na iliingia kwa mlango mbaya. Misafara ya pwani, iliyoongozwa na mfanyabiashara Tippu Tip na wenziwe, ndiyo iliyojaza bunduki Nyangwe na Kasongo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukaamuru silaha zinazoingizwa ziwekwe katika maghala ya serikali, na wenyeji wauziwe bunduki za gumegume tu. Tarehe 22 Aprili 1893 Kasongo ilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda Dhanis, yenye silaha bora kuliko hizo. Hivyo hifadhi ilianza kama njia ya mshindi kumnyima silaha mshindwa, haikuwa ulinzi wa watoto nyumbani.

Nyumbani ndiko hatari iliko. Gobori lililofuliwa na mhunzi hujazwa kupitia mdomoni: baruti na vipande vya chuma hushindiliwa kwa mdeki, kisha fataki huvikwa. Mwindaji aliyekosa nyama hupata taabu kulitoa shindilio hilo, basi hurudi na gobori lililojaa na kuliegemeza nyuma ya mlango. Kuvua fataki hupunguza hatari, hakuiondoi. Ni heri kulipiga mahali wazi kabla ya kufika kijijini, ingawa baruti ni ghali. Kudai kabati la chuma katika nyumba ya udongo ni kutunga sheria isiyotekelezeka. Mnyororo wenye kufuli, uliopitishwa kwenye kilinda-kifyatulio na kufungwa kwenye nguzo, unatosha, mradi baruti na fataki zikae chumba kingine, mbali na moto.

Lakini mwindaji hawezi kubebeshwa wajibu huu peke yake. Huko Salamabila, Kabambare, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, wanamgambo wa Mai-Mai Malaika wamepigana na jeshi la serikali, na katika hali hiyo bunduki huonekana kuwa ngao ya familia. Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo, ya 21 Aprili 2004, ambayo Kongo iliitia sahihi, inakataza raia kuwa na bunduki za rashasha, inataka hifadhi isimamiwe, na inazuia silaha kuwekwa rehani. Masharti hayo yanaigusa serikali kwanza: ghala lisilo na daftari la namba hulisha vikundi vilevile ambavyo mpango wa serikali uitwao P-DDRCS, ulioanzishwa 2021, unajaribu kuvinyang'anya silaha. Kila anayesalimisha bunduki anastahili hati yenye namba yake, na namba hiyo ibaki daftarini mpaka silaha irudishwe kwa kibali au iharibiwe mbele ya mashahidi.