Mmoja wa Washarika Wetu

Jumatano jioni, tarehe 17 Juni 2015, Wakristo wachache wa Kanisa la Emanuel mjini Charleston, South Carolina, nchini Marekani, walikuwa katika kipindi cha Biblia. Walisoma Marko sura ya 4, mfano wa mpanzi. Akaingia kijana Mzungu wa miaka 21, Dylann Roof. Walimkaribisha, akaketi karibu na Mchungaji Clementa Pinckney. Alikaa nao muda usiopungua dakika arobaini. Walipofumba macho kuomba, akatoa bastola, akawaua watu tisa, mchungaji akiwa mmoja wao.

Kanisa hilo ni la Wamarekani wenye asili ya Afrika, la madhehebu ya African Methodist Episcopal, na halikuwa geni katika mateso. Mwaka 1822 Denmark Vesey, mmoja wa viongozi wa usharika huo, alinyongwa pamoja na wenzake 34 kwa tuhuma za kupanga uasi wa watumwa, na jengo lao la ibada likaharibiwa. Roof mwenyewe aliandika kwamba aliuchagua mji wa Charleston kwa sababu ya historia yake.

Hadi hapo sisi Walutheri tungeweza kusikitika kama majirani tu. Lakini jina la Roof lilikuwa katika orodha ya washarika wa Kanisa la Kilutheri la Marekani (ELCA), kanisa ambalo tuna udugu nalo. Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul, kwa mfano, wametembeleana kwa miaka mingi. Na katika wale waliouawa, Pinckney na Mchungaji Daniel Simmons walikuwa wamesoma katika seminari ya Kilutheri ya Columbia. Muuaji alikuwa wetu, na wawili kati ya waliouawa walikuwa wanafunzi wetu. Askofu Kiongozi wa ELCA wakati huo, Elizabeth Eaton, hakulificha jambo hilo. Alilisema waziwazi siku chache tu baadaye.

Je, chuki hiyo aliitoa wapi? Kwa maelezo yake mwenyewe, baada ya kusikia habari za Trayvon Martin, kijana mweusi aliyeuawa Florida mwaka 2012, alitafuta kwenye intaneti habari za uhalifu wa watu weusi dhidi ya Wazungu. Akakutana na tovuti ya kundi la wabaguzi, akaamini alichosoma. Alikuwa na swali, na aliyemjibu kwanza ni mchochezi. Hapa ndipo tunapoumia sisi tunaofundisha kipaimara. Katekismo Ndogo, katika Amri ya Tano, haiishii kwenye kutokuua. Inatudai tumsaidie jirani katika mahitaji ya mwili wake. Watoto wetu huikariri vizuri sana. Mara ngapi tumewauliza huyo jirani ni nani, na ni kabila gani au dini gani wanayoicheka wakiwa wenyewe?

Kabla ya mauaji kijana huyo alikuwa amemdokeza rafiki yake mpango wake. Rafiki hakwenda polisi. Baadaye alifungwa miezi 27, ingawa si kwa kunyamaza huko, bali kwa kudanganya wapelelezi na kuficha aliyoyajua baada ya tukio. Sheria ilifika wakati makaburi yameshachimbwa. Mwenzake wa rika ndiye aliyesikia mapema kuliko polisi.

Siku mbili baada ya mauaji, baadhi ya ndugu wa marehemu walisimama mahakamani wakamwambia Roof wamemsamehe. Wengi duniani walisifu, wengine tukaona sifa hizo zimekuja haraka mno, kana kwamba msamaha wa wafiwa ungeliondolea Kanisa la muuaji kazi ya kutubu. ELCA ilichukua miaka minne. Mwaka 2019 mkutano wake mkuu, uliofanyika Milwaukee, ulipitisha tarehe 17 Juni iwe siku ya kuwakumbuka hao tisa kama mashahidi wa imani, na Kanisa likawaomba radhi watu wenye asili ya Afrika.