Siku Kumi na Mbili za Rureke

Shemwindo, mwami wa Tubondo, alikuwa na wake saba na amri moja: wote wazae wasichana, na mvulana yeyote atakayezaliwa atauawa. Binti huleta mahari nyumbani. Kijana wa kiume hukua akikipigia hesabu kiti cha baba yake. Wake sita wakatii, wakajifungua mabinti siku moja. Wa saba, kipenzi cha mwami, mimba yake ikakawia, na mtoto alipoamua kutoka alipitia kwenye kidole cha kati cha mama yake, usinga mkono wa kulia na tezo mkono wa kushoto, tayari anatembea na kusema. Huyo ndiye Mwindo. Baba yake alimrushia mikuki, akamzika angali hai, na yote yaliposhindikana akamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni.

Habari hii ni mali ya Wanyanga wa Walikale. Anayetoka Goma kwenda kwao hupita Sake, hupanda vilima vya Masisi vyenye majani mafupi, ng'ombe na jibini ya mviringo ambayo mapadre wa Kizungu waliwafundisha watu kuitengeneza, kisha hutelemka kuelekea magharibi hadi msitu unapofunga pande zote. Masisi ni nchi ya Wahunde, ndugu wa Wanyanga kwa lugha na kwa desturi nyingi za uongozi. Walikale yenyewe ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na Wanyanga wanaishi humo pamoja na Wakano na wengine. Miaka ya 1950 hesabu yao ilikuwa kama watu 27,000 tu. Kabila dogo hivyo, na limetoa mojawapo ya tendi zinazosomwa zaidi kutoka Afrika ya Kati.

Mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck, aliyekuwa akiishi na Wanyanga na kujifunza lugha yao, alifika kijiji cha Bese pamoja na wasaidizi wawili wa Kinyanga, Amato Buuni na Stephano Tubi. Walimtafuta bingwa mmoja, Candi Rureke, wakamwomba awasimulie habari za Mwindo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ombi lenyewe lilikuwa geni. Utendi huu ulizoeleka kuimbwa kwa vipande: jioni moja sehemu hii, jioni nyingine ile, kadiri wenyeji walivyopenda. Rureke alikuwa hajawahi kuombwa auseme wote mfululizo. Alikubali, na kwa siku kumi na mbili akaimba, akasimulia, akacheza na kuigiza, huku wale watatu wakiandika mbio mbio wasipitwe. Walipomaliza, sauti ilikuwa imemkauka na mwili umechoka.

Vifaa vyake havikuwa vingi. Mguuni njuga, mkononi kibuyu chenye punje ndani, na usinga kama ule wa Mwindo, kwa maana msimulizi ndiye shujaa kwa muda ule. Kando yake vijana walikaa mbele ya gongo refu kavu, lililoegeshwa juu ya vijiti vidogo ili lisiguse ardhi, wakilipiga kwa fimbo. Gongo likilala chini halilii. Likiinuliwa kidogo tu, sauti yake inasafiri. Vijana hao waliitikia nyimbo na kushangilia vituko, na ndivyo walivyojifunza. Hakukuwa na shule nyingine ya kazi hii ila kumfuata fundi, kumpigia gongo, kushika nyimbo moja moja mpaka siku mtu anasimama mwenyewe. Wasikilizaji nao hawakukaa kama wageni wa hotuba: waliitikia, walicheza, na msimulizi alipofika mahali patamu walimtunza shanga, chakula au pombe. Utendi wenyewe huitwa *karisi*, na Karisi pia ni jina la mzimu anayewalinda wasimulizi wake.

Atakayesoma utendi huu akiwa ameketi Walikale ataitambua nchi yake ukurasa baada ya ukurasa. Mwindo anapomfuata baba yake aliyekimbilia kuzimu, Muisa, mwenyeji wa huko, hamwambii apigane na jeshi. Anamtuma akalime shamba la migomba na migomba izae siku ile ile, kisha akarine asali. Kwa mtu wa msituni, ndizi na asali ni maisha yenyewe, na anayejua ugumu wa kupanda mti kufuata nyuki ataelewa kwa nini hilo ni jaribio la shujaa. Wanyanga walisema kuzimu kuko kwenye mashimo ya volkano. Hilo nalo lina mantiki yake: mashariki mwao kuna Nyamulagira, mojawapo ya volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi Afrika. Mtoni anaishi Mukiti, nyoka mkuu wa majini, mume wa Iyangura, shangazi yake Mwindo, na ni kwa shangazi huyo mtoto anakimbilia, kama watoto wengi wa Kivu wanavyofanya baba akiwa mkali.

Juu mbinguni yuko Nkuba, bwana wa radi, na hapa sayansi imekuja kuthibitisha kwamba wasimulizi hawakutia chumvi. Mwaka 2016 watafiti waliotumia setilaiti walitoa orodha ya mahali panapopigwa radi kuliko kwingine duniani. Namba moja ilikuwa Ziwa Maracaibo huko Venezuela, lakini ya pili ilikuwa Kabare, Kivu Kusini, na Sake ya Masisi ikaingia katika kumi za kwanza, ikiwa na miale zaidi ya 140 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Wengi wanaomtaja Mwindo hupenda nusu ya kwanza, ya mtoto jeuri asiyeuawa. Uzito uko nusu ya pili. Mwindo anamrudisha baba yake, lakini hamuui, wanagawana utawala. Kisha analiua zimwi Kirimu, rafiki wa Nkuba, na majivuno yanamponza. Nkuba anamchukua juu, anamtesa kwa mwaka mzima kwa mvua, jua na upepo, na kumwamuru asiue tena wanyama. Anaporudi duniani anatoa maagizo ya mwami aliyekomaa: watu walime vyakula vya kila aina, wasimcheke mwenye ulemavu, wasigombane, na hofu kati ya mwami na raia iwe ya pande mbili. Ukilinganisha na Fumo Liyongo, shujaa wa pwani, ambaye Muhamadi Kijuma aliandika utenzi wake mwaka 1913, tofauti inaonekana. Liyongo ni mwenye nguvu anayekufa kwa hila ya jamaa yake. Mwindo ni mwenye nguvu anayefundishwa kuzipunguza, na kwa maoni ya mwandishi huyu hilo ni jambo adimu zaidi.

Kazi ya Bese ilichapishwa Marekani mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza, na Biebuyck aliihariri pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga. Mwaka 1978 kikatoka kitabu kingine chenye matoleo mengine matatu, ushahidi kwamba kila fundi alikuwa na Mwindo wake. Leo wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo wanafanyia mtihani jina la Shemwindo.

Nyumbani mambo yalikwenda kwingine. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, na magomvi ya ardhi yaliyopandwa wakati ule hayajaisha. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Mwaka 2002 bati liligunduliwa Bisie, na vijana wakafuata shimo. Tangu 2019 pana mgodi wa kisasa. Mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini Januari na Walikale mjini Machi, wakaondoka Walikale Aprili. Kijiji kinachohama usiku hakibebi gongo la kupigia karisi, na kijana wa machimboni hana jioni za kumpigia mzee.

Hata hivyo simu iko mfukoni mwa familia nyingi, zilizohama na zilizobaki Walikale. Msomaji mwenye babu au bibi anayekumbuka hata kipande kimoja cha Mwindo, kwa Kinyanga, na nyimbo zake, amrekodi wiki hii. Asisubiri mtafiti mwingine kutoka Ubelgiji. Nao walimu wa Walikale wana haki ya kuudai utendi huu uingie darasani mwao.