Barabara ya Mvinyo Ipitayo Mlangoni Kwetu

Ninaishi Sombetini, si mbali na Barabara ya Dodoma. Msimu wa watalii unapofika, asubuhi na mapema magari ya safari hupita yakielekea magharibi, yakiwa yamebeba wageni na vikapu vyao vya chakula. Yakifika Makuyuni, kiasi cha kilomita 80 kutoka mjini, hukunja kulia kuelekea Karatu, Ngorongoro na Serengeti. Ni machache sana yanayonyoosha. Atakayenyoosha atapita Minjingu, Babati na Kondoa, kisha, kabla ya kuingia Dodoma mjini, atakutana na mizabibu ya Makutupora. Tunayo, basi, barabara ya mvinyo ya zaidi ya kilomita 400, nayo huanzia mlangoni kwetu. Hatujaipa jina hilo tu.

Kuna wanaoshauri kwamba tuipe jina hilo: tuweke vibao, vyumba vya kuonjea mvinyo na mahali pa kupigia picha. Sipingi. Ila mwanahistoria ana wajibu wa kuuliza barabara za namna hiyo zilizaliwaje kwingineko.

Ujerumani ilizindua Deutsche Weinstraße mwaka 1935, njia ya kilomita 85 hivi katika eneo la Pfalz. Mavuno makubwa yalikuwa yameshusha bei. Wakati huohuo wafanyabiashara Wayahudi, waliokuwa mhimili wa biashara ya mvinyo katika eneo hilo, walikuwa wakisukumwa nje ya soko na utawala wa Wanazi. Njia ya mandhari ikabuniwa ili kutafuta wanunuzi wapya. Afrika Kusini nayo ilianzisha njia ya mvinyo ya Stellenbosch mwaka 1971, katikati ya enzi ya ubaguzi wa rangi. Mgeni alionyeshwa nyumba nyeupe za kale na milima ya buluu. Hakuonyeshwa kwamba mashamba yale yalianzishwa kwa jasho la watumwa, wala kwamba kwa vizazi vingi vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iliyoacha ulevi na maradhi katika familia zao. Mandhari nzuri inaweza kuwa pazia.

Turudi kwenye barabara yetu. Ukiwa Kolo, wilayani Kondoa, utapanda kutazama michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ukisimama pale juu utaona mabonde yenye majani na miti, nawe utadhani ndivyo yalivyokuwa siku zote. Sivyo. Sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa imechimbika makorongo kwa mmomonyoko. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo yote, makumi ya maelfu ya wanyama, iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Uoto ulirudi. Lakini kuna kaya zilizopoteza maziwa, samadi na akiba yao kwa amri moja. Uzuri anaoupiga picha mgeni leo umegharimiwa na watu wenye majina.

Zabibu zenyewe zina historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia ndio waliozipanda Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, katika miaka ya 1950, wakihitaji divai ya misa. Ardhi ya Ugogo, ambayo wakoloni waliizoea kwa habari za njaa na ukame, ikawashangaza wengi: kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima akiukata matawi kwa mpango huvuna mara mbili kwa mwaka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, dola iliingia katika usindikaji wa mazao, na Dodoma ikapata kiwanda cha umma cha mvinyo, DOWICO. Kiwanda hicho kilianguka kama vilivyoanguka viwanda vingi vya umma, na wakulima wengi wakabaki na zabibu zisizo na mnunuzi. Wengine waling'oa mizabibu. Baadaye walikuja wasindikaji binafsi, Hombolo na kwingineko, na kilimo kikafufuka. Kituo cha utafiti cha Makutupora kinaendelea kuwapatia wakulima miche.

Hata hivyo udhaifu wa msingi haujaondoka. Nilipopita Makutupora na wanafunzi wangu, tulisimama kwa mkulima mmoja. Hakutuonyesha mandhari, alituonyesha vichala. Alieleza kwamba zabibu ikiiva haisubiri, na mnunuzi analijua hilo. Anayeweza kusubiri ndiye apangaye bei. Mmoja wa wanafunzi aliuliza kama amewahi kunywa mvinyo uliotoka shambani kwake. Alicheka, akasema chupa moja inazidi bei ya kilo kadhaa za zabibu zake.

Kicheko kile ndicho kipimo changu. Sheria ya ushuru wa bidhaa imekwisha kutoa unafuu kwa mvinyo wenye zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75. Hatua hiyo ni njema, lakini humfikia kwanza mwenye kiwanda. Mkulima anahitaji uwezo wa kusubiri: vyumba vya ubaridi, matangi ya mchuzi wa zabibu yanayomilikiwa na ushirika wake mwenyewe, na mkataba unaosainiwa kabla ya mavuno. Hayo yakiwapo, chumba cha kuonjea mvinyo kitakuwa chake, na mgeni ataisikia historia kutoka kwa mwenyewe.

Lami kati ya Babati na Dodoma ilizinduliwa mwaka 2018. Kwa hiyo barabara ipo tayari, na siku moja magari yale yanayopita Sombetini asubuhi yatanyoosha pale Makuyuni. Ndugu zangu mlio serikalini, vibao vya barabarani vinaweza kuchorwa kwa wiki moja. Anzeni na matangi.