Presha Ilivyofika Walukuba

Mwaka 1929 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha taarifa kutoka Kavirondo Kusini, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Daktari C. P. Donnison alikuwa amepima presha ya Waafrika 1,000. Kwa Wazungu presha ilizoeleka kupanda kadiri umri unavyosonga. Kwa watu hawa haikupanda, na baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Akaongeza kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Huenda vipimo vyake vilikuwa sahihi. Kilicholeta hasara ni jinsi vilivyotafsiriwa: kwa miongo kadhaa ilionekana kana kwamba Mwafrika ameumbwa bila presha, na ugonjwa unaodhaniwa haupo nani atajisumbua kuupima? Huenda ndiyo maana hata leo mtu wa Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja nchini Uganda, akiambiwa presha yake imepanda, jibu la kwanza mara nyingi ni kubisha. Mimi? Presha si ya matajiri na wanene?

Walukuba yenyewe haikuwepo kama mtaa wakati Donnison anaandika. Serikali ya kikoloni iliijenga pembeni mwa Jinja ili wafanyakazi Waafrika wapate pa kulala, miaka ileile mji ulipokuwa ukigeuzwa na bwawa la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua mwaka 1954. Umeme ulileta kiwanda cha nguo cha Nytil, na shaba ya Kilembe ikaanza kuyeyushwa Jinja. Watafiti Cyril na Rhona Sofer walioishi mjini humo walichapisha kitabu kuhusu mageuzi hayo mwaka 1955. Wenyeji wa Busoga walijikuta jirani na Wajaluo, Waluhya, Wateso na watu wa Mbale, na Kiswahili kikawa lugha ya mlangoni na bombani.

Mjaluo aliyetoka Kavirondo kuja kupanga chumba Walukuba huenda alikuwa mtoto au mdogo wa watu walewale aliowapima Donnison. Damu haikubadilika. Kilichobadilika ni chakula, kazi na usingizi.

Chumvi hasa. Zamani chumvi ilikuwa bidhaa ya safari: ilitoka Katwe au Kibiro, magharibi ya mbali ya Uganda, ikabadilishwa kwa mazao na mifugo. Aliyeikosa alichoma majani na maganda, akachuja majivu yake kwa maji. Chumvi ya majivu ina potasiamu nyingi kuliko sodiamu, jambo ambalo mpishi hakuhitaji kulijua ili afaidike nalo. Mjini chumvi nyeupe ya dukani ikawa rahisi kuliko karibu kitu kingine chochote jikoni. Ikaingia kwenye maharage, kwenye samaki wa Masese, mwalo wa jirani, waliokaushwa ili wasioze, na baadaye kwenye chipsi na rolex (chapati za mayai) za kando ya barabara. Posho, yaani ugali, ikachukua nafasi ya viazi na ndizi, ambavyo vina potasiamu nyingi.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka kwa Wajaluo wenyewe. Miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia vijana waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakiwalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba presha za waliohama zilianza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi na potasiamu pungufu. Kabla ya hapo, A. G. Shaper wa Makerere alikuwa ameona jambo kama hilo kwa vijana wa Kisamburu walioingia jeshini wakaanza kula chakula cha kambi.

Wapangaji wa Walukuba nao hawakutulia. Mwishoni mwa 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya. Miaka miwili baadaye Amin akawafukuza Waasia, viwanda vikadorora. Waliobaki walizeeka humohumo, wengi bila kuvuliwa shati kwa ajili ya kipimo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Uganda alikuwa na presha ya juu, na wengi mno kati yao hawakuwa na habari.

Ndiyo sababu namba hushtua. Mama amekuja kituo cha afya kwa ajili ya malaria ya mjukuu, mhudumu anamfunga mkanda mkononi kwa utaratibu tu, mashine inalia, kioo kinaonyesha 168 juu ya 102. Haumwi kichwa. Jana alifua.

Kipimo chenyewe nacho kina historia ya kukosea. Scipione Riva-Rocci wa Turin, aliyetengeneza mkanda wake mwaka 1896, alitumia mpira wa baiskeli, na ulikuwa mwembamba mno. Mikanda mipana ilikuja baadaye kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure. Mambo mengine pia huipandisha: kutembea juani kutoka Masese, chai ya rangi au sigara ya muda mfupi uliopita, mkojo uliobanwa, mkono unaoning'inia, maongezi. Mhudumu mzoefu humwambia mgonjwa, “Mama, kaa kwanza.” Dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kisha apime tena, na siku nyingine tena. Ikiendelea kuwa 140 juu ya 90 au zaidi, hapo daktari ana neno la kusema.

Si kila namba ya kungoja wiki ijayo. Ikifika 180 juu ya 120, tena na maumivu ya kifua, pumzi kukata, upande mmoja kulegea, ulimi kuwa mzito au macho kuona ukungu, ni boda au teksi hadi Hospitali ya Rufaa ya Jinja saa ileile.

Dawa zenyewe ni rika la mtaa huu. Chlorothiazide, ya kwanza katika kundi la vidonge vya kukojoza ambavyo bado vinatumika, iliingia sokoni mwaka 1958, miaka minne baada ya bwawa. Tabu yake ni ileile tangu wakati huo: humezwa kila siku na mtu asiyeumwa popote. Wengi huacha baada ya muda, wakijiona wamepona, na madaftari yao ya kliniki hukaa na kurasa nyeupe mpaka kiharusi kiwarudishe.